Mdudu mrukaji wa nyasini: yanayosemwa na ukweli wake

Kusini mwa Tanzania huku macho yote yako kwenye mikorosho, na mdudu wa milimita 3 wa familia ya Delphacidae, anayeruka kwenye majani, hupewa jina lolote linalokuja mdomoni. Haifai, kwa sababu jirani zake wengine hueneza magonjwa ya mahindi.

Dhana: Ni panzi mchanga.
Panzi hutafuna. Huyu ana mdomo mwembamba kama sindano, umelala chini ya kifua, na hufyonza utomvu.

Dhana: Warukaji wote wanaofyonza ni aina moja.
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anayeeneza ugonjwa wa milia ya mahindi ni Cicadulina wa familia ya Cicadellidae: miundi yake ya nyuma ina safu za miiba. Wetu wa Delphacidae ana kikwaru (kama mwiba mnene) kikubwa mwishoni mwa muundi wa nyuma, nacho huchezeka. Mlaze ubavu juu ya karatasi nyeupe, tumia lenzi ya mara 10, kisha sukuma kikwaru kwa ncha ya sindano. Kikicheza, umempata. Vipapasio navyo vimeota chini ya jicho. Rangi usiitegemee: spishi moja huwa na weupe na weusi, na kijani hufifia ndani ya spiriti. Kufikia jina la spishi kunataka dume, maana sehemu zake za uzazi ndizo zinazotofautisha. Jike peke yake mara nyingi halitoshi.

Dhana: Mwenye mabawa mafupi bado ni mtoto.
Wengi ni wakubwa kabisa. Nyasi zikiwa nzuri na wadudu si wengi, huzaliwa wa mabawa mafupi wasioruka mbali. Wakibanana au mmea ukianza kukauka, huongezeka wa mabawa marefu wanaohama. Bawa la mkubwa lina mishipa inayoonekana, la tunutu (mtoto asiyekomaa) ni kipande tu kilichoshikana na mgongo.

Dhana: Ulipomkamatia ndipo anapokula.
Mwenye mabawa marefu hutua popote, hata kwenye mkorosho. Ushahidi ni tunutu, kwa kuwa hawezi kuruka kutoka mbali. Ukiwakuta kadhaa kwenye shina moja la nyasi, andika jina la nyasi hiyo, si "majani" tu.

Dhana: Wavu ukipita juu ya nyasi unatosha.
Wa mabawa mafupi hukaa chini, karibu na mizizi, wavu usipofika. Tenganisha mashina kwa mikono, weka sinia jeupe chini, gonga, nyonya haraka kwa chupa yenye mirija miwili. Mrija wa mdomoni ufunikwe kitambaa laini. Kwenye mabonde ya mito, kama Lukuledi au Ruvuma, subiri umande ukauke, vinginevyo wadudu hugandamana kwenye wavu na miguu hukatika, kikwaru kikienda nayo. Wahifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70, na lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.