Kizazi kikishuka wakati wa ujauzito: uzito wa kinachoandikwa kwenye faili

Mama mjamzito akiona nyama imejitokeza ukeni, mara nyingi hamwambii mtu. Atajinawisha, atairudisha kwa mkono, atajikaza na khanga. Kliniki atapimwa presha na uzito, atapewa vidonge vya kuongeza damu, na atarudi nyumbani bila kulitaja jambo lenyewe. Akija kulisema, anakuwa amechelewa: kinachotoka kimevimba, pengine kimefanya kidonda, na mkojo unatoka kwa shida.

Sisi wa kumbukumbu za afya hatumpimi mama huyu. Tunakutana naye kwenye maandishi, na kwa maandishi hayo tunampa msimbo wa ugonjwa. Msimbo huo ndio unaoingia kwenye taarifa za MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za vituo vya afya, na kwenye madai ya bima, na mwisho wa mwaka ndio unaoionyesha wilaya ina akina mama wangapi wenye shida hii. Ukikosewa, mama ametibiwa lakini kwenye hesabu hayupo.

Kizazi kushuka wakati wa ujauzito ni hali ya nadra. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni mama mmoja katika kila uzazi 10,000 hadi 15,000. Hutokea kwa njia mbili, na tofauti yake inastahili kuandikwa. Wapo ambao kizazi kilikuwa kimeshuka kabla hawajashika mimba. Kwa hao, mimba inapokua na kupanda kutoka kwenye nyonga kuingia tumboni, uvimbe unaweza kupungua katika miezi ya kati, kisha ukarudi baada ya kujifungua. Wengine hali huwaanza wakiwa tayari wajawazito, hasa miezi ya mwisho, kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza mishipa inayoshikilia kizazi huku uzito wa mimba ukizidi. Wengi wao wameshazaa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo swali “ilianza lini?” lisiachwe, na jibu lake liandikwe vilevile mama alivyolisema.

Sasa tuje kwenye misimbo, maana makosa mengi yanaanzia hapa. Katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kushuka kwa viungo vya uzazi vya mwanamke kuko kwenye kundi la N81. Mtunza kumbukumbu mwenye haraka ataona neno “kizazi kushuka” na kukimbilia huko. Lakini kundi hilo lenyewe limetoa onyo: hali hii ikiwa inatatiza ujauzito, uchungu au kujifungua, haiingii N81, inakwenda O34.5. Sura ya O ni ya ujauzito, uzazi na siku za arobaini, nayo hutangulizwa mbele ya sura nyingine mama akiwa katika hali hizo. N81 ina mahali pake: mama akirudi miezi kadhaa baada ya kujifungua na kizazi bado kiko chini, hapo ndipo inapotumika.

Jirani za O34.5 nazo zichungwe. Kuna shingo ya kizazi iliyorefuka hadi ikaonekana nje huku kizazi chenyewe kiko mahali pake. Hiyo ni O34.4. Kuna kibofu kilichosukuma ukuta wa mbele wa uke, au njia ya haja kubwa iliyosukuma ukuta wa nyuma; hizo zinakwenda O34.8. Kwa macho zote ni “nyama imetoka”. Anayeweza kuzitenganisha ni aliyempima mama tu, nasi ofisini hatuna haki ya kubahatisha kwa niaba yake.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni faili lenye maneno mawili: “mjamzito, prolapsi”. Prolapsi ni kiungo kushuka au kutoka mahali pake, lakini prolapsi ya nini? Kitovu cha mtoto kikitangulia wakati wa uchungu, hiyo pia huitwa prolapsi. Msimbo wake ni O69.0, na ni dharura ya dakika chache, mtoto anaweza kufa. Mkunga wa zamu inayofuata akisoma maneno mawili hayo atafanya nini? Kiungo kitajwe kwa jina, kila mara.

Marekani, ambako wana toleo lao la ICD-10 lililoanza kutumika Oktoba 2015, hali hii ina msimbo mmoja kwa kila kipindi cha ujauzito: O34.521 kabla ya kutimia wiki 14, O34.522 kuanzia hapo hadi kabla ya wiki 28, na O34.523 kuanzia wiki 28 hadi kujifungua. Juu yake huongezwa msimbo wa Z3A unaoonyesha wiki zenyewe. Toleo tunalotumia sisi halina mgawanyo huo, na ndiyo maana sentensi za daktari zinabeba mzigo mkubwa zaidi kwetu. Wiki za mimba zisipoandikwa kwenye faili, hakuna msimbo utakaozisema.

Maandishi yanayotosha hayahitaji kurasa. Tuchukue mfano: “Mimba ya 5, amezaa mara 4, wiki 31. Uvimbe ukeni tangu wiki ya 24, haukuwepo kabla ya mimba. Shingo ya kizazi iko sm 3 nje ya usawa wa kizinda, imevimba, ina kidonda kidogo nyuma, haitoi damu. Hatua ya III. Mkojo unatoka kwa shida. Kizazi kimerudishwa mama akiwa amelala, pesari imewekwa. Hana uchungu, mtoto anacheza.” (Pesari ni kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia kizazi kisishuke.) Hatua hiyo inatokana na kipimo cha POP-Q, kinachotumika tangu 1996, ambacho hupima umbali kutoka kizinda kwa sentimita badala ya kusema “kidogo” au “sana”. Akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, yapewe msimbo wake, O23. Na shingo iliyovimba ikizuia mtoto kupita, aongezewe O65.5, uchungu pingamizi unaotokana na kasoro ya viungo vya nyonga vya mama. Hiyo ndiyo itakayoeleza kwa nini alipasuliwa.

Kwako mama: likikutokea, lisemwe siku hiyohiyo kliniki, hata kama hupati maumivu. Usiingize dawa za miti shamba wala kitu chochote ukeni. Nenda hospitali haraka ukishindwa kukojoa, ukitoka damu au maji, ukipata homa, au uchungu ukianza kabla ya wakati. Wengi husaidiwa kwa mapumziko, usafi na pesari hadi wajifungue, na upasuaji wa kurekebisha kwa kawaida husubiri baada ya hapo. Ukiruhusiwa, omba muhtasari wa matibabu ulioandika hali yako kwa jina, hatua yake na wiki ulizokuwa nazo, uutunze pamoja na kadi ya kliniki. Ukishika mimba nyingine, uutoe hudhurio la kwanza kabisa, hata kama kituo ni kingine.