Hifadhidata haijaahidi mpangilio

Wengi wanaamini kwamba hifadhidata hurudisha rekodi kwa mpangilio zilivyoingizwa. Inaeleweka: kwenye mashine ya majaribio, jedwali lenye rekodi 20 hutoka 1, 2, 3 kila mara. Kwenye seva yenye watumiaji, swali lile lile hutoa 7 kabla ya 3, na watu huanza kuhisi data imeharibika.

Haijaharibika. Kwa kanuni za SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, bila ORDER BY (agizo la kupanga matokeo) mpangilio wowote ni sahihi. Chukua PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata: ukibadilisha rekodi namba 3, nakala ya zamani haifutwi papo hapo, mpya huandikwa penye nafasi, mara nyingi nyuma ya zote. Tena, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, jedwali kubwa likiwa tayari linasomwa na mtumiaji mwingine, usomaji wako unaweza kuanzia katikati. Kwenye majaribio huyo mwingine hayupo.

Andika ORDER BY. Ukipanga kwa tarehe, ongeza na namba ya rekodi, tafadhali, maana rekodi mbili za tarehe moja bado hupishana, na matokeo yakigawanywa kwa kurasa, moja inaweza kujirudia na nyingine isionekane kabisa.