Gurudumu la aero si gurudumu jepesi

Miongoni mwa waendesha baiskeli za mbio hapa Malindi na Watamu, "aero" imekuwa sifa ya kila gurudumu la bei ghali. Mtu huliinua kwa kidole kimoja, akaliona halina uzito, akasema hili ni aero. Muuzaji naye huandika "kaboni aero" chini ya picha ya ringi yenye kina (kutoka ukingo wa tairi hadi upande wa spoki) cha milimita 25, na mnunuzi hulipia sifa ambayo gurudumu hilo halina.

Gurudumu la aero ni lile ambalo ringi, tairi na spoki zake zina umbo linaloiacha hewa ipite ikiwa imetulia, bila kuvurugika nyuma yake na kulivuta. Maana yake inaishia hapo, na gramu hazimo. Wepesi unapimwa kwa mizani. Uaero unapimwa kwa nguvu ambayo hewa inatumia kukurudisha nyuma. Gurudumu moja laweza kuwa na sifa zote mbili, lakini mara nyingi ukiongeza moja unapunguza nyingine, maana ringi ya kina kirefu inahitaji kaboni zaidi. Seti ya ringi za milimita 50 huwa na gramu 1,400 hadi 1,600. Ukifika milimita 80 unakaribia gramu 1,700 au kuzipita, na hapo unakuta gurudumu la aero lenye uzito sawa na la alumini la kawaida.

Mkanganyiko huu una gharama kubwa zaidi kwetu kuliko kwa watu wa milimani, kwa sababu barabara zetu ni tambarare. Chukua mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na maji yake ni kilo 80. Ukimpunguzia gramu 300 kwenye magurudumu, kwenye mlima mkali anaokoa takriban asilimia 0.4 ya kazi, yaani sekunde nne au tano katika mpando wa dakika 20. Kwenye tambarare, akiwa katika mwendo wa kilomita 35 kwa saa, gramu hizo hazimwokolei hata wati moja.

Hapo ndipo wengi hujibu kwamba uzito unaozunguka huhesabiwa mara mbili. Ni kweli, lakini kwa gramu zilizoko ukingoni mwa ringi tu, na kwa muda ule unaoongeza kasi tu. Gramu 300 za ukingoni zinakuwa kama 600 unapoondoka, na bado hiyo ni chini ya asilimia 1 ya kilo 80. Ukishatulia kwenye kasi yako, gurudumu zito halidai chochote cha ziada kwa kule kuzunguka. Hata mlimani, ukipanda kwa kasi isiyobadilika, gramu ya ringi ni sawa na gramu ya chupa ya maji.

Hewa ndiyo isiyochoka kudai. Nguvu unayotumia kuisukuma hupanda kwa mchemraba wa kasi: kutoka kilomita 30 hadi 40 kwa saa, siku isiyo na upepo, inazidi mara mbili. Tena sehemu ya juu ya gurudumu husonga mbele kwa kasi mara mbili ya baiskeli, kwa hiyo ukienda 35, spoki za juu zinakata hewa kwa karibu 70. Ndiyo sababu spoki bapa na chache zina maana, na ringi yenye kina ina maana zaidi, kwa kuwa inafupisha spoki na kuzitoa kwenye eneo hilo la kasi kubwa. Hata hivyo wati zinazookolewa ni chache. Zaidi ya theluthi mbili ya upinzani wa hewa hutokana na mwili wa mwendeshaji, na anayeketi wima atafaidika zaidi kwa kuinama kuliko kwa kubadili ringi.

Nusu ya umbo lenyewe ni tairi, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Katika nusu ya mbele ya gurudumu tairi ndiyo inayokutana na hewa kwanza, kisha ringi inaipokea. Tairi ikiwa pana kuliko ringi, hewa inaachana na gurudumu pale zinapoungana, na kina chote ulicholipia hakifanyi kazi. Kanuni inayotumika ni kwamba upana wa nje wa ringi uwe angalau asilimia 105 ya upana wa tairi, tairi ikiwa imejazwa na kupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana. Tairi inayopima milimita 28 inataka ringi ya 29.4 au zaidi. Usiamini namba iliyochapwa ubavuni: tairi ya 25 juu ya ringi yenye upana wa ndani wa 21 huweza kufika 27. Kama ringi haina ndoano za kushika tairi, mwisho wake ni psi 72.5 (kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya tairi), na tairi iwe ile iliyoidhinishwa kwa ringi ya namna hiyo. Ukiijaza psi 100 kwa mazoea, tairi inaweza kuchomoka ukiwa njiani.

Kisha upepo wa ubavuni. Ukitoka Malindi na kuvuka daraja la Sabaki kuelekea Gongoni na Marereni, bahari iko kulia kwako, na kwenye mashamba ya chumvi hakuna cha kukukinga. Kusi inakupiga kutoka kulia na nyuma. Ukigeuza kurudi mjini, inakujia kushoto na mbele. Hapo ringi ya kina hufanya kazi kama tanga: hewa ikiijia kwa mshazari mdogo, upinzani hupungua, na umbo zuri hupata faida kubwa kuliko hewa ikija mbele moja kwa moja. Lakini tanga lina kikomo chake. Ukienda kilomita 35 kwa saa na upepo wa kilomita 10 ukikupiga ubavuni, hewa inaifikia ringi kwa pembe ya nyuzi 16 hivi. Ringi nyingi katika pembe hiyo huachana na hewa ghafla, faida inapotea, na usukani unatikisika bila onyo. Kaskazi ya Januari na kusi ya Julai zote zina vishindo vya kuzidi hapo.

Kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo liamue. Mwenye kilo chini ya 60 asizidi milimita 40 mbele. Mwenye kilo 75 na kuendelea ataimudu 50 siku nyingi za mwaka. La nyuma haligusi usukani, na linaweza kuwa na kina zaidi. Kumbuka pia valvu: ringi ya 50 inataka valvu ya milimita 70 au 80, la sivyo pampu haitashika. Aliye mzito aombe spoki 24 mbele na 28 nyuma, kwa maana 20 zitamlegea na gurudumu litapinda.

Chumvi nayo ina neno lake, na wepesi ndio unaoumia. Ili kupunguza gramu chache, viwanda hutumia nipeli za alumini, zile kokwa ndogo zinazokaza spoki. Alumini ikigusana na kaboni kwenye unyevu wa chumvi inalika, nipeli zinageuka unga mweupe, na siku fundi akijaribu kunyoosha gurudumu zinakatika moja baada ya nyingine. Agiza nipeli za shaba ya njano na spoki za chuma kisichoshika kutu, ukubali hizo gramu 30 au 40 za ziada.

Hata kwa wanamashindano, tangu mwaka 2000 sheria ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, hairuhusu baiskeli ya barabarani kuwa chini ya kilo 6.8. Anayefika mpaka huo hana faida ya kupunguza zaidi, na ndipo wengi walipohamia kwenye umbo.

Basi mtu akikuonyesha magurudumu ya gramu 1,300 yenye kina cha milimita 25, msifu, kwa sababu ni mazuri na yatamfaa akienda kupanda Taita. Mwambie tu kwamba jina lake ni magurudumu mepesi. Akitaka ya aero kwa njia ya Kilifi, amuulize muuzaji kina, upana wa nje, na tairi ya upana gani ilitumika walipoyapima, kabla ya kuuliza gramu.