Fedha zimetoka, wewe hukutoa: malalamiko yako yanavyosikilizwa

Malalamiko ya watu waliokuta fedha zimetolewa kwenye akaunti zao za akiba bila wao kujua yanazidi kutufikia, na ndiyo sababu kampeni yetu ya elimu kwa umma safari hii imeshika jambo hilo moja tu. Naandika nikiwa mmoja wa wanaosoma majalada haya kila siku katika ofisi ya msimamizi wa benki. Ninayoeleza ni ya jumla. Hayaamui shauri la mtu yeyote, na pale sheria ya nchi yako inaposema vingine, sheria ndiyo inayofuatwa.

Kauli tunayoipokea kuliko zote ni "benki imeniibia". Inawezekana. Lakini fomu ya malalamiko haina nafasi ya kauli hiyo. Ina nafasi ya tarehe, saa, kiasi, namba ya muamala na njia iliyotumika: mashine ya kutolea fedha (ATM), dirishani, kwa wakala au kwa simu. Anayekuja na hasira peke yake tunamkalisha, tunamsikiliza, kisha tunamwomba arudi na taarifa ya akaunti. Hapo siku moja imeshakwenda.

Wengi hawajui kwamba sheria inaanzia upande wao. Mwaka 1848, katika shauri la Foley dhidi ya Hill, Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa wakati huo, lilisema kwamba fedha ikishawekwa benki inakuwa mali ya benki, na benki inakuwa mdaiwa wa aliyeiweka. Mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado zinaanzia hapo. Maana yake ni kwamba benki ikimlipa mtu ambaye hukumtuma, imemlipa kwa mali yake yenyewe, na deni lake kwako liko palepale. Kwa hiyo jalada letu halimtafuti mwizi. Linauliza kama muamala ule ulikuwa na idhini yako, na kama haukuwa nayo, ni kwa kiasi gani uzembe wako ndio uliofungua mlango. Mwizi anatafutwa na polisi, kwa jalada lao. Taarifa ya polisi ichukue, kwa kuwa benki nyingi huidai, lakini haizuii kadi wala hairudishi senti. Kila wiki tunampokea mtu aliyekwenda kituoni siku ya kwanza na benki siku ya ishirini, naye anashangaa kwamba katikati hapo fedha ziliendelea kutoka.

Benki nazo zina kauli yao. Huja katika barua ya mistari miwili: kadi halisi na namba ya siri sahihi vilitumika, kwa hiyo ni wewe au mtu uliyempa, shauri limefungwa. Jibu hilo halitoshi, na si leo lilipoanza kukataliwa. Mwaka 1980 mahakama moja ya New York ilisikiliza madai ya mteja wa Citibank aliyepoteza dola 800 kwa miamala ya mashine. Benki ilileta karatasi za kompyuta. Mteja alileta barua ya mwajiri wake kwamba saa zile alikuwa kazini. Mahakama ilimwamini mteja, ikasema haiko tayari kuufanya ushahidi wa mashine uwe kitu kisichoweza kupingwa na shahidi mkweli. Sheria ya huduma za malipo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 imeliandika wazo hilo waziwazi: kumbukumbu kwamba kadi ilitumika, peke yake, si lazima iwe uthibitisho kwamba mwenye kadi aliidhinisha. Kazi ya kuthibitisha ni ya benki.

Nieleze tunavyofanya tunapopata barua ya mistari miwili, maana hapa ndipo shauri linapogeuka. Mama mmoja alituletea taarifa ya akaunti aliyoizungushia wino mwekundu: kutoa mara tatu, ndani ya dakika nne, usiku, katika mji ambao hajawahi kufika. Kadi ilikuwa kwenye pochi yake, akaitoa akaiweka mezani. Tuliiandikia benki maswali manne. Je, mashine ilisoma chipu (kile kibati kidogo cha kielektroniki mbele ya kadi) au utepe wa sumaku nyuma ya kadi? Kihesabu cha chipu kilikuwa namba ngapi? Kuna majaribio mangapi ya namba ya siri yaliyokosewa kabla? Picha za kamera ziko wapi?

Swali la kihesabu huwashangaza hata baadhi ya maofisa wa matawi. Ndani ya chipu mna hesabu inayopanda kwa moja kila kadi inapotumika, na namba hiyo husafiri pamoja na muamala. Kama miamala unayoibishia imekaa kwenye mfululizo uleule wa miamala unayoikubali, kabla na baada, basi ni kadi yako halisi iliyotumbukizwa mashineni, na swali linakuwa nani aliishika. Utepe wa sumaku hauna kinga hiyo. Hunakiliwa kwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mdomo wa mashine, na namba ya siri ikachukuliwa na kamera ya kificho juu ya vibonyezo. Jibu la benki kwa yule mama lilirudi baada ya siku tisa: utepe, mara zote tatu, kwa kadi yenye chipu, na siku ileile alikuwa ametumia chipu kwao wenyewe asubuhi. Walirejesha fedha yote pamoja na makato ya kutolea. Makato mara nyingi husahaulika; yadai.

Kuna aina nyingine ambayo si wizi kabisa: mashine imehesabu, imegugumia, fedha haikutoka, salio limepungua. Hapa usiandike "nimeibiwa". Andika "mashine haikutoa fedha", kwa sababu jalada linakwenda kwa watu wengine. Mashine hufungiwa hesabu, na noti ambazo hazikuchukuliwa hurudishwa ndani kwenye kisanduku chake. Siku ya kufunga hesabu, kilichozidi kinalinganishwa na madai. Kama mashine ni ya benki nyingine, bado lalamika kwa benki yako iliyotoa kadi. Tafadhali msituambie tuwapigie wenye mashine. Hawana mkataba nawe.

Sasa muda. Sheria za Marekani zinamwekea mteja anayetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kujua kadi imepotea au kuibwa kikomo cha hasara cha dola 50. Akichelewa zaidi kikomo kinapanda hadi dola 500. Akikaa zaidi ya siku 60 tangu kutumiwa taarifa ya akaunti yenye muamala asiouidhinisha, kinachotoka baada ya hapo kinaweza kuwa hasara yake yote. Benki Kuu ya India ilielekeza mwaka 2017 kwamba udhaifu usipokuwa wa benki wala wa mteja, mteja aliyetoa taarifa ndani ya siku tatu za kazi habebi hasara yoyote. Umoja wa Ulaya unatoa hadi miezi 13, lakini kwa sharti la kutoa taarifa bila kuchelewa mara tu unapojua, na watu husoma ile miezi 13 wakaliruka sharti. Kanuni za kwenu zitakuwa na tarakimu zake. Mwelekeo ni uleule kila mahali.

Picha za kamera nazo hazikai milele. Hufutwa na kurekodiwa juu yake, pengine baada ya majuma machache. Ndiyo maana barua yako ya kwanza, siku ileile, iwe na sentensi ya kuiomba benki ihifadhi picha za mashine husika kwa tarehe na saa husika. Maombi ya mdomo hayahesabiki. Piga simu kwanza kufunga kadi, uliza namba ya kumbukumbu ya simu hiyo, andika jina alilojitambulisha nalo mhudumu na saa. Kisha barua au fomu, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama ni barua pepe, isitumwe kwa ofisa unayefahamiana naye bali kwa anwani rasmi ya malalamiko. Ambatisha taarifa ya akaunti, ujumbe mfupi wa muamala (usiufute, hata kama unakuuma kuusoma), na chochote kinachoonyesha ulikuwa wapi: tiketi, daftari la mahudhurio kazini, karatasi ya hospitali. Subiri muda uliowekwa wa benki kujibu. Ukipita, au jibu likikukataa, ndipo unakuja kwa msimamizi, ukiwa na jibu hilo au muhuri unaoonyesha muda umepita. Aliyeruka benki akaja kwetu moja kwa moja tunamrudisha. Hatumfukuzi, kanuni haituruhusu kusikiliza rufaa ya uamuzi ambao haujatolewa.

Waliotaja wenyewe namba ya siri kwa mpigaji simu aliyejiita ofisa wa benki wako kwenye kundi gumu. Nitasema kwa tahadhari: nchi zinatofautiana, na nyingine zimeanza kuwalinda. Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, inazilazimu benki kuwafidia wengi waliolaghaiwa wakatuma fedha wenyewe kwa njia za ndani ya nchi, hadi kikomo cha pauni 85,000. Kwingine bado mzigo ni wa aliyetaja. Hata hivyo lalamika, na eleza kama ilivyotokea. Anayeficha kwamba alitaja namba, kisha rekodi zikamwonyesha, amejiharibia hata sehemu aliyokuwa na haki nayo.

Hapo tunafika kwenye adhabu. Benki isiyojibu kwa wakati au iliyoficha kumbukumbu inaweza kuonywa, kutozwa faini na kuamriwa kurejesha fedha. Mlalamikaji anayesaini maelezo anayojua ni ya uongo anaweza kufungiwa akaunti, na katika nchi nyingi anashtakiwa kwa jinai. Iko pia hatari ya kunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mume mmoja Uingereza aligundua mkewe anaghushi saini yake kwenye hundi. Kwa kumsitiri hakuiambia benki. Baadaye mke alipofariki, mume akaidai benki. Katika shauri hilo, Greenwood dhidi ya Martins Bank, alishindwa, kwa sababu ya ukimya wake. Nalitaja kwa kuwa sehemu kubwa ya majalada yanayotuchosha si ya wageni wenye vifaa vya kunakili kadi. Ni ya watu wa nyumbani.

Mzee mmoja alikuja mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu kuliko mara iliyopita. Kihesabu cha chipu kilikuwa kwenye mfululizo, namba ya siri haikukosewa hata mara moja. Alidai picha. Ni haki yake, tukaziomba, zikaja, tukamwita. Kijana kwenye picha alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imefunika uso, hakuna ambaye angemtambua. Mzee alivaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye kiwiko cha kijana, penye kiraka.

"Hilo koti ni langu," akasema.

Akauliza kama malalamiko yanaweza kuondolewa. Yanaweza. Fomu yake ni ya ukurasa mmoja, na sababu si lazima kuijaza.