Nani Anatazama? Vitabu Nilivyosoma Miezi Hii

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na hata ninaposoma kwa raha zangu jicho la kazi haliniachi. Miezi hii nimesoma bila mpango: riwaya ya kihistoria, masimulizi ya safari, hadithi ya upelelezi, diwani iliyoandikwa gerezani. Katika kila kimoja nilitafuta kile kile ninachokitafuta kwenye mswada: nani anatazama, na anaona nini? Waandishi wengi chipukizi huniletea kisa kizuri kilichokosa jicho. Watu wanaoana, wanagombana, wanakufa, lakini msomaji hajui amesimama wapi.

Nianze na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Yusuf ana miaka 12. Mfanyabiashara Aziz akija kwao humpa sarafu ya ana kumi (ana ilikuwa fedha ya zama hizo) anapoondoka, na mtoto anamhesabu kuwa ami yake. Siku moja anaondoka naye kwa treni, na sisi wasomaji tunaelewa kabla yake kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba. Khalil, kijana aliyetangulia dukani kwa balaa hilo hilo, ndiye anayemwambia kwamba Aziz si ami yake na kwamba amwite Seyyid, yaani bwana. Gurnah hatoki nje ya macho ya Yusuf kutuhutubia juu ya biashara ya watu. Mapema kabisa kuna Mzungu kwenye kituo cha treni anayemtolea mtoto meno, na mtoto anatimua mbio. Basi. Ukoloni mzima umeingia kitabuni kwa meno ya mtu mmoja, wala neno ukoloni halikuhitajika. Nimewasomea kipande hicho waandishi zaidi ya mmoja, na nitaendelea kuwasomea.

Kwa Kiswahili kitabu hiki kinapata kitu ambacho Kiingereza kilikuwa kinakikisia tu. Utani wa dukani na maneno ya wapagazi kambini yamerudi kwa wenyewe. Kuna mahali wasafiri wanazungumza habari za nchi ya Warusi na kushangaa kwamba huko nako kuna Waislamu. Watafiti wa Gurnah wameonyesha kwamba alichota kwenye *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo ambao Mjerumani Carl Velten aliuchapisha mwaka 1901. Kwa hiyo nikaufuata.

Humo ndimo mna Selim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Ngazija, aliyesafiri mwaka 1896 na bwana wake, Dkt. Bumiller, kupitia Petersburg na Moscow mpaka Siberia na milima ya Altai, akarudi kwa njia ya Tashkent, Samarkand na Bukhara. Fikiria hapo. Mwaka ambao wasomaji wa Ulaya walikuwa wanameza vitabu vya Wazungu juu ya maajabu ya Afrika, Mswahili alikuwa anaipita Urusi na kuiangalia kama mgeni anavyoangalia nchi ya watu: wanakula nini, wanalala wapi, wanaswali au hawaswali. Hajidai kujua. Anaeleza alichokiona na kulinganisha na cha kwao. Sentensi zake ni fupi, zinakwenda kwa mwendo wa mtu anayesimulia barazani, na nadhani hiyo ndiyo sababu hazijachakaa. Tukumbuke pia kwamba aliandika kwa ajili ya Velten, na kuna mambo mtumishi hawezi kuyasema juu ya bwana wake. Nilijikuta nasoma kwa makini zaidi kila mahali Bumiller anapotajwa kwa haraka.

*Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla nilikisoma tena baada ya miaka mingi. Kilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, kikatoka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, pamoja na kiko chake wakaanza maisha marefu. Tajiri anakutwa amekufa mzimuni, na watu tayari wana jibu lao. Bwana Msa hana haraka. Abdulla aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti, na mimi naona mkaguzi huyo ndani ya hadithi: mtu anayeingia nyumba ya watu akaangalia kona. Mazungumzo mengine yamerefuka mno, leo ningeyapunguza. Ila ukitaka kujifunza jinsi ya kumwekea msomaji kitu mbele ya macho asikione, anza hapa.

Kisha ikaja *Sauti ya Dhiki*, na hii ndiyo iliyonikalisha. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka wa 1968 wa kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972. Mashairi yake yakachapishwa 1973. Aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Sasa rudi kwenye swali langu. Mtu aliyefungiwa peke yake anatazama nini? Ukuta. Kwa hiyo jicho linageuka ndani na kwenye kumbukumbu, na vitu vinarudi vikiwa vizito: jipu linalouma likisubiri kuiva, mamba, utelezi baada ya mvua, ndugu wawili wanaogombania mnazi, mmoja juu na mwenziwe chini. Sidhani shairi la mnazi lingekuwa na nguvu ile kama mshairi angekuwa anauona kila asubuhi kutoka dirishani. Kila ndugu ana hoja, na mshairi anawaacha wajibizane ubeti kwa ubeti bila kumkatiza yeyote.

Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kitawasumbua kidogo waliozoea Kiswahili cha vitabu vya shule. Soma kwa sauti. Mara nyingi sikio linaelewa kabla ya macho, na mizani inakusaidia kujua neno linakatika wapi.

Nilichonacho mkononi sasa ni *Wasifu wa Siti binti Saad*, maisha ya mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, wa Shaaban Robert. Huyu hakai kimya nyuma ya mhusika wake. Kila baada ya hatua chache anasimama na kutoa mawaidha, na bado sijaamua kama nakubaliana naye. Nimefika pale Siti anapotembeza vyungu vya mama yake kutoka Fumba, kabla ya kuhamia mjini 1911. Hapo mawaidha yanapungua na macho yanafunguka, na ukurasa mmoja wa namna hiyo unanitosha kuendelea.