Umepata jibu, mbona hukupita?

Wiki hii tena kijana kaniandikia: "Kaka, nimeshakariri maswali 300 ya algorithi. Nikifikisha 500 si nitapita?" Anazungumzia usaili wa kazi ya kuandika programu, ambako huulizwa maswali ya algorithi, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta. Tangu Microsoft ifungue kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google itangaze chake mwaka 2022, swali hili haliishi. Mimi ni msaili katika kampuni kubwa, na jibu langu ni hapana, mdogo wangu.

Mafumbo yaliyokuwa yakiulizwa kwenye usaili, kama mipira mingapi ya gofu inaenea ndani ya ndege, yasahau. Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia ajira za Google, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba yalikuwa kupoteza muda tu.

Kinachoniudhi ni imani kwamba jibu sahihi ndilo linalompitisha mtu. Kwenye kampuni nyingi kubwa anayekusaili haamui peke yake. Naandika ripoti, inasomwa pamoja na za wasaili wengine, na wanaoisoma huenda hawajawahi hata kukuona. Sasa ukikaa kimya dakika ishirini, kisha ukamwaga msimbo (code) safi kabisa, niandike nini? "Amepata." Nitakutetea kwa neno hilo moja?

Chukua swali linalojulikana na kila mtu: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Aliyekariri anarukia jedwali la hashi, yaani mahali pa kuhifadhi namba ambapo programu inaweza kuangalia papo hapo kama namba fulani imo. Anayefikiri anauliza kwanza. Orodha imepangwa? Kama imepangwa, anaanzia ncha zote mbili na kusogea katikati, bila kutumia kumbukumbu ya ziada. Je, orodha ikiwa 3, 5, 8, hiyo 5 moja inaruhusiwa kutumika mara mbili? Hilo la mwisho ndilo ninalolisubiri. Ukiingiza namba kwenye jedwali kabla ya kumtafuta mwenzake wa kutimiza 10, 5 itajikuta yenyewe humo ndani, na programu itakuambia jozi ipo wakati haipo. Mtu akiliona hilo, akalitamka, akatanguliza kutafuta kabla ya kuingiza, namwandikia aya nzima. Hata muda ukimwishia, nina cha kumtetea nacho.

Je, utaratibu huu ni wa haki? Sina uhakika. Unampendelea anayeweza kufikiri kwa sauti, tena kwa Kiingereza, mbele ya mtu asiyemjua. Nimeona wasaili wawili wakimwandika mtu yuleyule kana kwamba walikutana na watu tofauti. Wapo wahandisi hodari kazini ambao kwenye usaili wanaganda. Kampuni zinalijua hilo, ila zinaona afadhali kumkosa anayefaa kuliko kumwajiri asiyefaa. Hesabu hiyo hainiridhishi, kwa sababu anayeilipa ni yule aliyekataliwa, ambaye mara nyingi atasubiri miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuomba tena.

Kwa hiyo punguza idadi ya maswali. Chagua machache, keti na mwenzako, mweleze kila hatua kabla hujaiandika, naye akukatize na kukuuliza kwa nini. Na kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, fanyeni mazoezi hayo kwa Kiingereza.