Kabla hujatupa sanskrini, hebu nione kile kikopo kisicho na lebo

Kuna mama wa wiki 11 aliingia kliniki kwangu na mfuko umejaa vipodozi, akaumwaga wote mezani akaniambia dokta nishavitenga mwenyewe, we nihakikishie tu. Upande wa kutupa kaweka sanskrini (krimu ya kukinga jua), seramu ya vitamini C na kopo la mafuta ya mgando. Upande wa kubaki navyo kulikuwa na kikopo kidogo cheupe, hakina lebo wala jina wala tarehe, eti kapewa na rafiki yake, "hiki cha asili tu dokta, kinang'arisha kidogo." Nikacheka (samahani) alafu nikamwambia tubadilishane, cha huku kiende kule na cha kule kije huku.

Nimeanza na huyu kwa sababu nawaona wa namna yake karibu kila wiki. Mimi ni daktari wa ngozi, na kiukweli woga wa wajawazito wengi umeenda kukaa mahali hatari haipo au ipo kidogo sana, na pale ilipo kweli kweli mtu kalala usingizi wa pono. Anaogopa losheni yenye harufu lakini haulizi kuhusu vidonge vya chunusi alivyomeza mwezi uliopita.

Ngozi sio kitambaa kwamba ukimwagia kitu basi kinapenya chote hadi upande wa pili. Kazi yake ni kuzuia. Kwa hio mi nikiulizwa "hii ni salama?" kwanza nataka kujua kinaingia mwilini kiasi gani, kikishaingia kinafanya nini, na mimba iko wiki ya ngapi. Chukua mfano, benzoili peroksaidi, ile ya chunusi inayochubua rangi ya mataulo: kinachoingia ni kama asilimia 5 tu, na hicho nacho mwili unakigeuza kuwa asidi ya benzoiki na figo zinakitoa haraka kwenye mkojo. Haidrokwinoni ya kufuta madoa yenyewe inaingia asilimia 35 hadi 45. Zote mbili krimu, zote za usoni, lakini moja naiandikia wajawazito bila wasiwasi na nyingine naisimamisha, sio kwamba imethibitika inaharibu mtoto, ila huwezi kuacha karibu nusu ya dawa iingie kwenye damu ya mjamzito kwa ajili ya madoa ambayo mengi yatafifia yenyewe.

Sasa kabla ya mimba, hapa ndio nataka tukae kidogo maana ndio sehemu inayorukwa. Watu wanaanza kusafisha kabati siku wakiona mistari miwili kwenye kipimo. Umeshachelewa kidogo, kwa sababu wiki tunazihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hio mwenye mzunguko wa kawaida akigundua amekosa siku zake tayari ni wiki ya 4 au ya 5, na kwenye wiki ya 6 moyo wa mtoto unadunda. Viungo vinajengwa kipindi kile ambacho wengi hata hawajui kama wana mimba.

Dawa inayoniumiza kichwa kuliko zote ni isotretinoini, vile vidonge vya chunusi sugu. Ni dawa nzuri sana, imekuwepo tangu 1982, imerudishia watu nyuso zao, siitukani. Lakini mimba ikiingia wakati unaitumia, watoto kati ya asilimia 20 na 35 wanazaliwa na kasoro, masikio, moyo, ubongo, uso, na mimba nyingine zinatoka. Ndio maana Marekani wana mpango maalumu tangu 2006 ambao mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa bila kupima mimba kila mwezi na kutumia njia mbili za kuzuia mimba kwa pamoja. Habari njema ni kwamba inatoka mwilini haraka, ukiimaliza subiri mwezi mmoja mzima ndio uanze kutafuta mtoto. Usinunue vidonge hivi vya mtu aliyebakiza, tafadhali, nimeshaona hio na sitaki kuiona tena.

Ina ndugu yake anaitwa asitretini, anatumika kwenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa magamba), huyo ndio mbaya zaidi kwa kukaa. Ukinywa pombe unapoitumia inageuka kuwa kitu kingine kinachojificha kwenye mafuta ya mwili muda mrefu sana, na kwa sababu hio kuna nchi zinataka usubiri miaka 3. Miaka mitatu! Mwanamke wa miaka 36 ukimwanzishia dawa hio bila kumuuliza mipango yake umemharibia hesabu. Alafu kuna spironolaktoni, wengi wanapewa kwa chunusi za kidevuni, inazuia homoni za kiume na mtoto wa kiume tumboni anazihitaji homoni hizo ili aumbike via vyake, kwa hio nayo inaachwa kabla. Na antibayotiki za kundi la doksisaiklini zinaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto, hasa kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele, meno yakaja kuota na rangi ya kahawia.

Krimu za retinoli sasa, maana ndio maswali mengi kwenye inboksi. Kila kinachoanza na "retin" kwenye lebo ni jamaa wa vitamini A, na ule ubaya wa vidonge ndio umetufanya tuziogope na krimu zake. Zinazoingia mwilini kupitia ngozi ni kidogo mno. Tunasema acha, ukishajua una mimba weka pembeni, kwa sababu hakuna cha kupoteza, mikunjo ya usoni inaweza kusubiri miezi 9. Lakini wewe uliyeitumia mpaka wiki ya 6 ukiwa hujui, ukaja unalia, futa machozi, mwambie daktari wako wa mimba ili ajue, na uendelee na maisha. Sijawahi kumwambia mtu afikirie kutoa mimba kwa sababu ya seramu ya usoni na nasikitika kwamba kuna watu wanalala na wazo hilo.

Turudi kwenye kile kikopo. Mikorogo na krimu za kung'arisha zisizo na lebo huwa na mambo matatu, haidrokwinoni ambayo nimeshaisema, steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi), na zebaki, na mara nyingine vyote kwa pamoja. Zebaki inazuia ngozi isitengeneze rangi, ndio maana watu wanaona inafanya kazi, ila inaingia mwilini, inaumiza figo, inavuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Na haishii kwako, inahamia kwenye taulo, mto, mikono, na mtoto mkubwa ambaye hajawahi kuigusa krimu anaipata tu kwa kukumbatiwa. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliziwekea marufuku zenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kufikia 2020, na 2023 nchi wanachama wakakubaliana kukiondoa hata hicho kiwango, lakini zinaendelea kutengenezwa na kuuzwa. Ikiwa na lebo tafuta maneno kama mercury, mercurio, calomel au mercurous chloride. Kuna paketi nyingine zinakuonya usiiguse na vito vya dhahabu au fedha, basi hapo imeshajisema yenyewe. Ikibadilika rangi ikawa ya kijivu ukiiacha kwenye mwanga, hio nayo usiipake. Kama ulikuwa unaitumia na una mimba, acha leo na uombe kipimo cha mkojo, usione aibu, sisi hatupo kukusuta.

Steroidi ni habari tofauti kidogo kwa sababu zina matumizi halali. Mwenye pumu ya ngozi akiacha dawa zake zote kwa ajili ya mimba anaishia kujikuna usiku kucha, hapati usingizi, ngozi inachanika, inaingia bakteria, na hio sio zawadi kwa mtoto. Zile za nguvu ndogo na ya kati hazijaonekana na shida. Zile kali sana, zikitumika nyingi, zaidi ya gramu 300 kwa mimba nzima, ndio zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Gramu 300 ni tyubu 10 za gramu 30, kwa hio kijipele cha kiwikoni wala kisikutishe. Anayepaka krimu kali ya kung'arisha mwili mzima asubuhi na jioni yeye anazifikia hizo gramu bila hata kujua.

Basi utumie nini? Vingi tu. Chunusi za mimba zinakuja na homoni, mafuta yanaongezeka, na kwa wengi miezi mitatu ya kwanza ndio inakuwa kero. Asidi ya azelaiki ndio kipenzi changu, inapunguza chunusi na madoa kwa mpigo, inawasha washa siku za mwanzo na inataka subira ya wiki 8 hadi 12, wengi wanaikatia tamaa wiki ya 3. Benzoili peroksaidi, niasinamaidi, vitamini C, asidi ya glaikoliki ya nguvu ndogo, zote sawa. Asidi ya salisiliki ni binamu wa aspirini ndio maana watu wanaikimbia, lakini sabuni ya uso ya asilimia 2 unayoosha na kusuuza haina neno, ninachokataa ni kuchubua kwa dawa kali au kuipaka mgongo na miguu yote. Botoksi na leza za urembo ahirisha. Na mafuta ya mimea yaliyokolezwa usiyachukulie poa kwa sababu tu ni "asilia", ngozi ya mjamzito inakasirika haraka.

Mabaka ya usoni, yale ya kahawia kwenye mashavu, paji na juu ya mdomo, ndio yanayonifanya niipiganie sanskrini. Homoni zinaamsha seli za rangi, jua linamwagia petroli. Kwa ngozi nyeusi na za maji ya kunde hata mwanga wa kawaida unaoonekana unachangia, na huo unapita kwenye kioo cha dirisha bila shida, kwa hio kukaa ndani karibu na dirisha hakutoshi. Ile sanskrini nyeupe ya zinki inakinga miale, lakini yenye rangi, iliyowekwa oksidi ya chuma, ndio inazuia na huo mwanga. SPF 30 kwenda juu, na ukiwa nje rudia kila masaa mawili. Zenye zinki na titani zinakaa juu ya ngozi, haziingii mwilini kwa kiasi cha kukusumbua, kwa hio hakuna sababu ya kuitupa, nadhani nimeeleweka.

Michirizi ya tumbo nitasema kwa kifupi kwa sababu nitawaudhi wauza mafuta: hakuna krimu iliyothibitika kuizuia. Inategemea zaidi urithi, kasi ya tumbo kukua na umri wako. Paka mafuta kwa sababu ngozi inavutika na kuwasha, itakupa nafuu, ila usikope hela kwa ajili yake. Mstari mweusi wa tumboni nao usisugue, hauondoki kwa kusugua.

Kuwashwa kwenyewe kuna kwa kawaida na kuna kwa hatari, na hapa nisikilize vizuri hata kama mengine umeyapita juu juu. Kama uko miezi ya mwisho, unawashwa viganja na nyayo, usiku unazidi, na ukiangalia huoni vipele zaidi ya alama za kucha zako mwenyewe, hio sio ngozi kavu mpaka ithibitike. Inaweza kuwa ni ini, nyongo inarudi kwenye damu, na ikipanda sana mtoto anaweza kufia tumboni. Usipake losheni ukasubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda siku hio hio upimwe damu. Vipele vinavyoanzia kwenye michirizi na kukikwepa kitovu vinakera sana lakini havimdhuru mtoto. Vinavyoanzia kitovuni kwenyewe alafu vikaja na malengelenge, hivyo nione haraka.

Ukishajifungua masharti yanalegea. Unaponyonyesha kinachoingia kwenye maziwa kutoka kwenye krimu ya usoni kwa kawaida ni kidogo sana, shida kubwa zaidi ni mtoto kulamba au kugusa. Kwa hio usipake dawa yoyote kwenye chuchu bila kuambiwa, nawa mikono, na ile krimu ya kifuani mtoto anapolalia iache. Retinoli wengi wetu tunasubiri umalize kunyonyesha, vidonge vya isotretinoini haviguswi kabisa kipindi hicho, na zebaki inapita kwenye maziwa kwa hio mkorogo haurudi. Mabaka yanafifia kwa miezi, kwa wengine yanagoma, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuyarudisha, mwambie anayekuandikia kama uliyapata.

Yule mama wa wiki 11 nilionana naye tena mtoto ana miezi minne. Uso ulimletea mabaka kidogo baada ya kuacha kile kikopo, alinilaumu sana, tukayatuliza na azelaiki na ile sanskrini aliyotaka kuitupa. Safari hii alikuja na mfuko mwingine, ndani kuna nywele zake alizokuwa anaziokota bafuni, kazikusanya wiki nzima anihesabie. Homoni za mimba huwa zinazishikilia nywele zisidondoke, ukijifungua zinaachiliwa zote kwa pamoja, kati ya mwezi wa pili na wa nne ndio unaokota viganja vizima. Nikamshika kichwa nikamwonyesha kwenye kioo vile vinywele vifupi vilivyosimama wima pale mbele kama brashi, vipya vimeshaanza kuota.